Msimwambie atafute Linux kwanza

Jumamosi mdogo wangu mmoja wa hapa Katuba, Lubumbashi, alifika nyumbani na kompyuta ya kazini mkononi. Hakuomba hata maji. "Yaya, banasema Perl haiko ya Windows. Banasema nitafute Linux kwanza." Perl ni lugha ya kuandikia programu, na Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Aliyemwambia ni fundi anayemheshimu sana, na mimi tangu siku hiyo hasira haijanitoka.

Kijana huyu anafanya kazi kwenye depo ya malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kila siku saa tisa alasiri anapokea orodha za maegesho matatu. Kwenye moja namba za plaki zimeandikwa kwa herufi kubwa, kwenye nyingine zina nafasi katikati, na kwenye ya tatu zina vistari. Anazilinganisha kwa macho, kidole kikishuka kwenye skrini, mpaka saa mbili usiku. Kazi ya namna hii, kuchambua maandishi na kutoa ripoti, ndiyo iliyomfanya Larry Wall aitoe Perl mwaka 1987. Kijana akajaribu amri ya mstari mmoja aliyoiona kwenye kitabu, Perl ikalalamika kwamba haioni alama ya kufunga maneno. Fundi akatazama skrini, akakata shauri hapo hapo.

Shida ilikuwa alama moja tu ya nukuu. Vitabu vingi vya Perl viliandikwa na watu wa Unix, mfumo ambao Linux inaufuata, na kule amri hufungwa kwa nukuu ya kistari kimoja ('). Dirisha jeusi la Windows haliitambui kama kifungio, kwa hiyo linaikata amri penye nafasi na Perl inapewa kipande. Tukaweka nukuu za vistari viwili:

perl -ne "print if /Kasumbalesa/" malori.csv

Orodha ya mistari yenye jina Kasumbalesa ikashuka. Kijana akanyamaza, akaiendesha mara ya pili, kisha ya tatu.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaofundisha. Mashine ile ni ya kampuni. Kijana hana neno la siri la msimamizi, na akithubutu kufuta Windows kazi imekwisha. Nyumbani hana kompyuta nyingine. Ukimwambia aweke Linux kwanza, umemwambia aache. Nimeona wangapi wameachia hapo! Watu wenye akili nzuri kabisa, wakarudi kuhesabu kwa kidole kwa sababu mtu aliwafungia mlango uliokuwa wazi. Strawberry Perl, yaani Perl iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows, ina toleo la kubeba: unafungua zip kwenye flash, unabofya portableshell.bat, unaanza kazi, bila kusakinisha chochote. Ndani yake kuna hata gcc, programu ya kujengea programu nyingine, kwa hiyo moduli (vipande vya ziada) za CPAN, ghala la Perl kwenye intaneti, zinazohitaji kujengwa zinajengwa humo humo. Na maelezo yote ya lugha yamo. Usiku umeme umekatika, betri ina saa moja, megabaiti ziliisha tangu Jumatano, na bado kijana anaandika perldoc perlretut na anajifunza mwenyewe kutafuta maneno kwa ruwaza. Kwa mji wetu hilo si jambo dogo. Mtu anayetegemea intaneti ya kununua kidogo kidogo anaelewa ninachosema.

Matatizo ya Windows yapo, siyafichi, lakini mengi yana dawa ya dakika tano. Faili za maandishi zinafungwa mistari kwa namna nyingine, Perl ya Windows inalimaliza hilo yenyewe. Njia ya faili iandike kwa mkwaju wa kawaida, C:/orodha, inakubaliwa. Klavye zetu za AZERTY zinachosha kweli: mabano ya mawimbi unayafungua kwa AltGr na 4, @ ni AltGr na 0, vidole vitazoea.

Linalowatisha watu zaidi ni herufi. Safu ya "Péage" ikaonekana "P├®age" na kijana akataka kuifuta faili nzima. Nikamshika mkono. Faili ilikuwa salama: imeandikwa kwa UTF-8, namna moja ya kuhifadhi herufi, lakini dirisha linaisoma kwa jedwali lingine la herufi, la 850. Andika chcp 65001 ili dirisha lisome UTF-8, endelea. Na Excel ya Kifaransa inatenganisha safu kwa nukta-mkato, huku uzito wa lori ukiandikwa 28,5. Mfano wa kitabu unaokata kwenye mkato utaupasua uzito huo vipande viwili. Kata kwa split /;/, kisha geuza mkato kuwa nukta kabla ya kujumlisha.

Haya, Linux nyingi zinakuja na Perl tayari, nakubali. Na kama kijana atataka Python baadaye, ajifunze, nitamsaidia. Ila depo inamdai ripoti leo, kwenye mashine iliyo mezani.

Tulikaa mpaka jioni. Aliandika mwenyewe s/[\s-]//g ili kuondoa nafasi na vistari, akageuza herufi zote kuwa kubwa kwa uc, akaziweka plaki kwenye hashi, yaani jedwali la Perl la kutafuta kitu kwa jina lake. Skrini ikabaki na plaki mbili zilizotoka kwenye maegesho ya kwanza na hazikuonekana kwingine kokote. Akazikagua kwenye bordero (hati za mizigo) za karatasi alizokuwa nazo begini, moja baada ya nyingine, na zilikuwa kweli.

Jumatatu akanitumia ujumbe: "Yaya, leo natoka saa kumi na moja."