Usinunue Behewa kwa Jina la Kampuni

Anayeanza treni za mfano hapa Nairobi huuliza kwanza ni kampuni ipi yenye mabehewa bora ya mizigo. Naona swali hilo linaanzia pabaya. Treni halisi ya mizigo hubeba mchanganyiko wa mabehewa kutoka viwanda tofauti, na yako haina sababu ya kuwa tofauti. La kuuliza ni hili: behewa hili nikilifunga pamoja na yale niliyo nayo, litakwenda mbele na kurudi nyuma bila kuacha reli? Jibu liko kwenye magurudumu, kiungio (kile kinachofunga behewa kwa jingine) na uzito. Nembo na rangi ni za baadaye.

Kabla ya hayo yote, hakikisha skeli, yaani behewa limepunguzwa mara ngapi kuliko halisi. HO ni 1:87 na njia yake, yaani nafasi kati ya reli mbili, ni mm 16.5. Waingereza wana OO, ambayo ni 1:76 lakini hutembea juu ya njia hiyo hiyo ya mm 16.5. Ndugu aliye Uingereza akikutumia behewa la Hornby, kampuni ya huko, litapanda reli zako za HO vizuri kabisa, na kwa sababu hiyo wengi hawalioni kosa mpaka walisimamishe kando ya la Athearn, kampuni ya Kimarekani ya HO. Kontena la futi 40 ni mm 140 kwenye HO na mm 160 kwenye OO. Tofauti ya sentimita mbili haifichiki, hata kwa mgeni asiyejua chochote kuhusu treni.

Kwa anayetaka kuiga reli zetu wenyewe, hesabu ni rahisi. SGR ina upana wa mm 1,435. Gawanya kwa 87 upate 16.5, kwa hiyo reli za kawaida za HO zinafaa. Reli ya zamani ya Mombasa, iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita moja, yaani mm 11.5 kwa skeli ya 1:87. Hapo utahitaji njia ya mm 12, ambayo huitwa HOm. Lakini mm 12 ndiyo njia ya TT pia, na TT ni 1:120. Tangazo likisema "mm 12" bila kutaja skeli, usilipe kabla ya kuuliza, la sivyo utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa kampuni zenyewe, na hapa nasema ninavyoona. Accurail huuza mabehewa ya kuunganisha mwenyewe: bodi moja ya plastiki, sakafu, bogi (fremu ndogo za magurudumu chini ya behewa), skrubu na vipande vichache. Vidato na vishikio vimechongwa pamoja na bodi, na mimi nahesabu hiyo kuwa faida, kwa sababu havivunjiki. Athearn na Walthers wana ngazi kadhaa za ubora chini ya jina moja. Kutoka chini kwenda juu, Athearn wana Roundhouse, Ready to Roll na Genesis. Walthers wana Trainline, Mainline na Proto. Ndiyo maana kusema "Athearn ni nzuri" hakumsaidii mtu, maana Roundhouse na Genesis zinatofautiana kuliko kampuni mbili zinavyotofautiana. ScaleTrains nao hutenganisha Operator, ya kawaida, na Rivet Counter, ya ubora wa juu. Tangent na Kadee hutengeneza aina chache za mabehewa, lakini kila moja limefuata behewa halisi la kiwanda na kipindi fulani.

Mabehewa kumi ya kwanza yachukue Accurail, Roundhouse na Mainline. Ya bei kubwa yangoje. Si kwamba hayastahili bei yake. Mabomba ya breki ya Tangent ni kazi ya kupendeza sana. Ila vipande hivyo ni vyembamba kama uzi, na mtu ambaye bado anajifunza kushika behewa, kulipindua na kulifungua atavivunja mapema. Lishike kwa ncha zake mbili, kamwe usilibane katikati ya ubavu.

Kinachoharibu sura ya treni zaidi ya kuchanganya kampuni ni kuchanganya zama. Marekani mabehewa mapya ya sanduku (boxcar) yalianza kutengenezwa bila njia ya kutembelea juu ya paa mwaka 1966. Ukiweka behewa la mbao la miaka ya 1920 kando ya la nafaka la miaka ya 1970, hata kama yote mawili yametoka kiwanda kimoja, treni haina maana. Na ukiiga mizigo ya bandari ya Mombasa, achana na flati (mabehewa bapa yasiyo na kuta) zinazouzwa pamoja na kontena za futi 53. Hizo ni za usafiri wa nchi kavu Amerika Kaskazini. Zinazoshuka melini na kufika Embakasi ni za futi 20 na 40.

Behewa likifika, anza na magurudumu. Ya plastiki yatoe. Plastiki hukusanya uchafu na kuupaka juu ya reli, na kwa vumbi letu la Januari na Februari injini itaanza kusitasita baada ya muda mfupi tu. Weka ya chuma. Mabehewa yanayoiga yale halisi ya kubeba tani 70 huchukua gurudumu la inchi 33, ambalo kwa HO ni mm 9.6. Ya tani 100 huchukua la inchi 36, yaani mm 10.5. Ukikosea, behewa litapanda au kushuka karibu nusu milimita, na kiungio kitapanda au kushuka nalo.

Urefu wa ekseli ndio unaowasumbua wengi, kwa sababu hauandikwi kwenye tangazo. Ekseli za mabehewa ya Kimarekani huwa kati ya mm 25.8 na 26.3 kutoka ncha hadi ncha, wakati za Ulaya mara nyingi ni fupi zaidi. Ekseli ndefu kupita kiasi hubana fremu ya bogi na gurudumu halizunguki. Ikiwa fupi, hucheza ndani ya vishimo vya bogi ambamo ncha zake hukaa, behewa huyumba na kukaa chini kidogo. Panua fremu kwa vidole, si kwa koleo, tumbukiza ekseli, kisha weka behewa juu ya kipande cha reli na ukiinamishe polepole. Lisiloanza kuteleza wakati wenzake wameshaondoka lina tatizo la ekseli au vishimo vyenye mabaki ya plastiki. Pima pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu: iwe kama mm 14.4. Ikipungua, gurudumu hugonga kwenye swichi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili.

Kisha skrubu za bogi. Kaza moja mpaka bogi izunguke kulia na kushoto lakini isiweze kuinama upande. Nyingine iache ilegee kidogo ili iweze kuinama. Hivyo behewa linakaa juu ya nukta tatu na kufuata reli isiyo sawa. Ukizikaza zote mbili, gurudumu moja litaning'inia hewani na kutoka kwenye kona. Ukilegeza zote mbili, bodi itayumba. Na usidhani skrubu ya M2 kutoka duka la vifaa itafaa. Tundu nyingi ni za skrubu ya kipimo cha Kimarekani cha 2-56, yenye kipenyo cha mm 2.18, na M2 inacheza ndani yake. Agiza skrubu pamoja na mabehewa.

Kwenye viungio sina ubishi: chagua aina moja ya chuma na ubadilishe vyote. Kadee namba 5 au 148 vinatosha kwa mabehewa mengi, na 148 ni rahisi kufunga kwa sababu springi yake imeshikana na kiungio chenyewe. Ni kweli kwamba viungio vya McHenry na Accumate hushikana na vya Kadee. Lakini ni vya plastiki, na katika treni ndefu kichwa huinama kwa mvuto, kikaachia katikati ya mlima. Kwa mabehewa ya Ulaya yenye mfuko wa NEM 362, tundu sanifu la kuchomekea kiungio, kuna Kadee namba 17 hadi 20, ya 17 ikiwa fupi kuliko zote. Anza na 18. Bafa (vizuizi vya kugongana kwenye ncha) za mabehewa mawili zikigusana kwenye kona, nenda 19.

Kimo cha kiungio ni inchi 25/64 kutoka juu ya reli, karibu mm 9.9, na kipimo cha Kadee namba 205 kinaonyesha hilo mara moja. Kikiwa chini, weka washa (pete bapa) nyembamba kati ya bogi na sakafu. Zipo za mm 0.25 na 0.38. Kikiwa juu, piga tupa kidogo pale bogi inapokalia, au tumia kiungio chenye shingo iliyoshushwa. Pima baada ya kubadilisha magurudumu, si kabla. Usitie mafuta ndani ya kisanduku cha kiungio, yatavuta vumbi mpaka kigande. Unga wa grafiti wa kufuli unatosha. Na behewa la zamani ambalo viungio vyake vimefungwa kwenye bogi badala ya sakafu, lihamishie viungio kwenye sakafu. Ukirudisha treni nyuma, nguvu ya kusukuma huipinda bogi na gurudumu hupanda juu ya reli.

Uzito nao una kanuni ya NMRA, chama cha treni za mfano cha Marekani: aunsi 1 kwa kila behewa, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa gramu ni 28, kisha 5.6 kwa kila sentimita. Behewa la sm 15 liwe na gramu 112, la sm 18 karibu 129. Mabehewa ya kampuni tofauti hutofautiana hapa kuliko mahali pengine popote, na jepesi likiwekwa kati ya mazito huvutwa ndani ya kona na kuanguka. Vyuma vya kuongezea usiviagize ng'ambo, maana utalipia usafiri wa uzito mtupu pamoja na VAT ya 16%. Nenda kwa mafundi wa matairi Barabara ya Kirinyaga au Industrial Area, uombe vile vya kubalansi tairi vyenye gundi nyuma. Ukanda wa kawaida una vipande vya gramu 5 na 10. Gawa sawa juu ya bogi zote mbili, karibu na sakafu, na upime kwa mizani ya jikoni.

Flati tupu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa haina mahali pa kuficha chuma. Jaza kipande kwenye mfereji wa chini, na kilichobaki kiingie ndani ya kontena lenyewe, chini kabisa. Kontena tupu likikaa juu ya flati nyepesi, zipange mwisho wa treni.

Jaribio la mwisho ni kurudisha nyuma. Panga yote uliyo nayo kwa mchanganyiko wowote, sukuma treni polepole kupitia swichi zako zote na kona iliyo kali zaidi, kisha badilisha mpangilio na urudie. Behewa likianguka mara mbili mahali tofauti, kosa ni la behewa. Mabehewa tofauti yakianguka mahali pamoja, kosa ni la reli, na hapo hata Genesis haitakusaidia.