Keki Sikuimaliza

Tuanze na hili: keki sikuimaliza. Najua shoga yangu ameshawapitishia habari, na kila akiisimulia vipande vinaongezeka. Mara ya mwisho kuisikia, nilikuwa nimekula keki nzima nikalamba na boksi. Boksi sikulilamba. Nililikwangua kwa kijiko, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Naandika kwa sababu nimechoka kuulizwa "vipi, mama nidhamu?" na watu ambao hata kwenye grupu hawamo.

Grupu lenyewe mnalijua, lile la kupunguza mwili tulilolianzisha baada ya kuziona picha zetu za harusini. Tumo mashoga, yumo wifi yangu, yumo kocha, na shemeji mmoja aliyeingizwa kwa bahati mbaya akaona haya kutoka. Mimi ndiye nilikuwa admini. Kila usiku watu walikuwa wananitumia picha za sahani zao, nami natoa adhabu. Ukionekana na soda, pushapu 20, kwa video, na kuhesabu kusikike. Kuna dada mmoja aliwahi kuomba kwa upole turuhusiwe kipande kimoja cha kitu kitamu kila Jumamosi, "roho isije ikatuua". Nikamshushia voisi ya mahesabu: gramu moja ya sukari ni kalori 4, gramu moja ya mafuta ni kalori 9, siagi karibu asilimia 80 ni mafuta, kwa hiyo dada yangu, hicho unachokiita kipande kinataka mwendo wa kilomita tano kwa miguu. Utazitembea? Akanyamaza. Watu wakanipigia makofi.

Sasa siku yenyewe. Jioni wifi akaja na keki. Kesho yake mwanawe alikuwa anafanyiwa sherehe ya kufaulu mtihani, friji ya kwao imejaa, akaomba keki ilale kwangu. "Kwa wifi yangu ndiko salama," akasema mbele ya mume wangu. Mume wangu akakohoa.

Ilikuwa keki kubwa, krimu nyeupe, maua pembeni, juu imeandikwa HONGERA kwa chokoleti. Niliisukumia rafu ya chini kabisa, mbele yake nikapanga kabichi.

Usiku watu wamelala, mimi niko jikoni nakata tango. Hilo tango ndilo lilikuwa chakula changu cha usiku, msinicheke bado. Nikasema ngoja niwape wenzangu neno la kulalia. Mkono mmoja una kisu, mwingine una tango, basi nikabonyeza kile kimaikrofoni, nikakisukuma juu kikajifunga, simu ikawa inarekodi yenyewe, nikaiegemeza kwenye birika. Nikahubiri. Nilihubiri jamani! Nikasema njaa nyingi za usiku ni mazoea tu. Nikasema kunywa maji usubiri dakika 20, maana tumbo huchelewa kuupa ubongo taarifa. Nikafunga na "Tulale na nidhamu, tuamke na nidhamu, usiku mwema," nikabonyeza kutuma kwa kidole chenye maji ya tango.

Waliowahi kugusa simu kwa kidole kilicholowa wameshajua. Simu ilikataa. Mimi hata sikuitazama, nilikuwa naelekea kwenye friji kurudisha nusu ya tango.

Hapa ndipo shoga anapoparuka haraka haraka ili afike kwenye kicheko. Mimi nitakwenda polepole, haki yangu.

Kwenye voisi unausikia mlango wa friji ukiachia. Kisha kimya. Kimya kirefu. Nilikuwa nimechuchumaa natazamana na kabichi. Kisha inakuja sauti yangu, ya chini, ya upole ambao mume wangu anaapa hajawahi kuusikia toka anioe:

"Nakuangalia tu."

Kabichi linaburutwa.

Boksi linafunguka. "Mmmh. Na maua wamekuwekea." Kidole kinaingia kwenye krimu. Hicho hakisikiki, ila mguno unaofuata nimeambiwa ni wa mtu aliyetumbukiza miguu kwenye maji ya moto baada ya kutwa nzima kwenye viatu vya kubana. "Krimu siyo keki," nikatoa hukumu, kwa sauti, peke yangu, saa tano usiku. Ua moja likaenda. "Ua ni pambo." La pili likaenda bila maelezo.

Halafu kisu. Kisu kilekile cha tango. Kinagonga sinia, ting. Nakata upande wa nyuma, ule utakaoelekea ukutani, na hapo ndipo nilipotamka maneno ambayo hata mahakamani nisingekubali kuyarudia:

"Nitaigeuza. Wifi mambo ya nyuma hayaoni. Angekuwa anayaona asingevaa lile gauni."

Baada ya hapo ni kutafuna. Dakika nzima nzima za kutafuna. Katikati nasikika nikifanya hesabu: kipande hiki tuseme kalori 300, lakini tango nimeacha nusu, toa tango. Tango karibu lote ni maji, na mimi nililitolea kalori 100 bila aibu.

Kipande cha pili nina utetezi wake, tena wa kitaalamu. Mwaka 1975 watafiti wawili, Herman na Mack, waliwapa wasichana wa chuo milksheki, kisha wakawawekea aiskrimu waonje. Wale wasiojinyima, wakishakunywa milksheki, aiskrimu waliigusa kidogo. Wale wa kujinyima kama sisi ikawa kinyume: waliokunywa milksheki ndio walioifakamia aiskrimu kuliko wenzao wa dayati ambao hawakunyweshwa kitu. Ukishaona umevunja mwiko, unajiambia siku imeshaharibika hii, tuimalizie vizuri. Utafiti huo niliutuma kwenye grupu asubuhi yake, na maelezo marefu. Shemeji, ambaye hajawahi kuandika neno toka aingizwe, akajibu: "Hao hawakumsema wifi yao."

Kufikia cha tatu nilikuwa nimeshahamia upande wa kulia, na HONGERA imebaki HONGE.

Nikageuka kutafuta kitambaa. Nikaiona simu imeegemea birika, kioo kinawaka, na zile namba zinatembea. 11:38. Sikuelewa mara moja, nilidhani ni saa. 11:39. Saa haziendi hivyo. 11:40. Mdomo umejaa, siwezi hata kupiga yowe. Akili ikasema: futa. Kitufe cha kufuta kiko kushoto, cha kutuma kiko kulia, hilo nalijua hata nikiamshwa usingizini. Kidole kikatoka, kimepakwa krimu mpaka kwenye kiungo cha pili, kikaenda kushoto. Naapa kilikwenda kushoto. Kikagusa kioo. Kikateleza. Nakiona kinateleza, taratibu, kinaacha mstari mweupe kutoka huku kwenda kule, na mimi nakitazama tu, sina la kukifanya.

Safari hii simu haikukataa.

Tiki moja. Tiki mbili. Na msiniandikie kwamba kuna kufuta kwa wote, najua kwamba ipo, ndiyo niliyokuwa naitafuta! Lakini kioo kina krimu, kila nikigusa kinafungua nisichokiomba: mara kikokotoo, mara kamera, nikajiona uso mzima kwenye selfi, chokoleti puani. Nilipoipata hiyo kufuta kwa wote, wenzangu walikuwa wameshaanza kucheka kwa maandishi na shoga yangu, Mungu anamwona, ameshaihifadhi.

Na juu pale: wifi anaandika.

Ameacha.

Wifi anaandika.

Ameacha. Niliketi sakafuni, mlango wa friji uko wazi unanipuliza mgongoni.

Ujumbe ukaingia: "Gauni lipi?"

Yaliyobaki ni madogo. Keki nyingine niliitafuta asubuhi na mapema, mtoto kasherehekea, hajui kitu. Pushapu nimepiga zote, kocha kahesabu kwa mdomo wake. Mzani ulipanda kilo moja na nusu siku hiyo, nikawaelewesha kwamba kuongeza kilo moja ya mafuta mwilini kunataka ziada ya kalori zipatazo 7,700, na mimi keki sikuimaliza, kwa hiyo hayo mengi ni maji tu, wanga ukihifadhiwa mwilini unahifadhiwa na maji yake. Hakuna aliyetaka somo. Uadmini nimevuliwa. Kapewa yule dada wa Jumamosi, na hoja yake ya kipande imepita kwa kura zote, yangu ikiwemo. Kinanisaidia, sifichi: nikijua Jumamosi ipo, Jumanne siongei na friji.

Na wifi tumeelewana, kiasi. Juzi kaja nyumbani na lile gauni. Kageuka. Kageuka tena. Nimelisifu mara zote mbili.

Sasa wewe uliyeikata ile sauti ukaifanya mlio wa simu yako. Ijumaa, benki, kwenye foleni, ikaita watu wote wakageuka. Nilikuwa nyuma yako. Nakuangalia tu.