Kisu cha jeshi kukigeuza cha porini: nini ukate, nini uache

Kuna ubishi umekolea kwa washkaji wa hapa Dar wanaopenda kwenda kulala porini wikiendi, Kisarawe, Mkuranga, wengine mpaka milima ya Uluguru. Mtu kapata kisu cha jeshi, kile cha bapa refu jeusi chenye kinga ya mkono juu na chini, kaletewa na ndugu yake au kaagiza mtandaoni, sasa akipeleke kwa fundi kikatwe na kunolewa upya kiwe cha kazi za porini, au akiache kilivyotoka kiwandani? Wapo wanaosema kukigusa tu umeshakiharibu, na wapo wanaosema bila kukibadilisha unabeba chuma cha kupigia picha. Mi naona pande zote mbili zina hoja za maana kabisa, ila wote wanaruka jambo moja, kwamba sisi huku tuna panga, na panga linabadilisha hesabu yote.

Tuchukue Ka-Bar maana ndo inayojulikana zaidi. Iliingia jeshi la Marines la Marekani mwaka 1942, vita kuu ya pili imepamba moto, na ilitengenezwa kwa ajili ya askari ambaye hajui kesho atahitaji nini, afungue makopo na masanduku, achimbe, akate kamba, ikibidi apigane. Bapa lake inchi 7, kama sentimita 18 hivi, unene umezidi kidogo milimita 4, chuma ni cha kaboni aina ya 1095, mgongo umekatwa kwa mbele ili ncha iwe nyembamba ya kuchomea, na msuka wake, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, ni mwembamba, umepita katikati ya pete za ngozi zilizobanwa pamoja zikawa mpini. Sasa weka pembeni yake Mora Companion ya Sweden, kisu ambacho wapenzi wa porini wa Ulaya wanakisifia sana: bapa sentimita 10 na kidogo, unene milimita 2.5, makali yanashuka kwa mteremko mmoja ulionyooka, ukikilaza kwenye mti chenyewe kinakupa pembe ya kuchonga. Na bei yake ni ndogo kuliko ya Ka-Bar. Kwa hiyo anayesema kisu cha jeshi sio cha kuchongea vijiti hajakosea.

Ila wanaosema usiguse nao wasikilizwe, maana hoja yao nzito ni kutu. Ule weusi wa bapa ni rangi iliyopakwa ili chuma kisile kutu na kisiakisi mwanga, na 1095 sio chuma kisichoshika kutu, ukikivua ile rangi hapa Dar, na hili joto letu na unyevu na upepo wa chumvi, ukalala nacho usiku mmoja Kigamboni bila kukipaka mafuta, asubuhi unakuta madoa ya kahawia. Anayeishi Arusha anaweza kusahau kisu chake wiki nzima kikabaki salama, wa Dar hawezi. Dawa ipo, unakisugua na siki mpaka bapa linashika ukijivu ambao unapunguza kasi ya kutu, alafu kila ukimaliza kazi unafuta na kupaka mafuta ya nazi, ambayo hata ukikatia nyanya hayana madhara. Lakini hiyo ni kazi ya kila safari, na mtu asiyekuwa na tabia hiyo kwa kweli aiache rangi yake.

Upande wa pili sasa. Ile rangi inakwama kwenye mti, ukipasua kijiti unasikia kabisa bapa linavutwa. Na mgongo wa kisu ukishafunikwa rangi na kona zake zikawa za mviringo hauwezi kukwangua fero rodi, kile kijiti cha chuma cha kuwashia moto, ikatoa cheche, unakwangua weee unapata vumbi jeusi tu. Hapa mimi nasimama na wanaobadilisha bila kusita, kwa sababu suluhisho lake ni dogo mno: chukua tupa laini, bana kisu kwenye jiliwa ukiwa umekizungushia kitambaa, kwangua rangi ya mgongoni peke yake kwa urefu wa kama vidole vinne karibu na mpini, piga tupa mpaka kona iwe kali ya pembe mraba. Nusu saa haiishi. Bapa lingine lote linabaki na rangi yake, kutu unapambana nayo sehemu ndogo tu, na sasa una kisu kinachowasha moto, kinachokwangua magome, kinachotengeneza unga wa kuwashia. Hakuna upande wowote wa ubishi huu wenye sababu ya kulikataa hili.

Kinga ya mkono ndo inawagombanisha watu zaidi. Ukitaka kuchonga kwa nguvu unaweka dole gumba mgongoni na kusukuma, na ile kinga ya juu inakuchoma hapohapo, ndo maana wengi wanakimbilia msumeno wa chuma wanaondoa zote mbili. Mi nasema ya juu iondoe, ya chini iache. Kazi ya kinga ya chini ni kuzuia vidole visiteleze kwenda kwenye makali, na sisi tunafanya kazi na mikono iliyolowa jasho, masika inanyesha mvua juu yake, au umetoka kuparua samaki, mkono unateleza. Hizi video tunazoangalia nyingi zimepigwa kwenye misitu ya baridi, jamaa kavaa glavu. Mtu akikata vidole viwili akiwa ndani ya msitu wa Uluguru, saa ngapi atafika kituo cha afya?

Nirudi kwenye panga, maana ndo kiini. Nyingi ya hizi kazi za kukibadilisha kisu cha jeshi zinalenga kukifanya kiweze kupasua magogo na kukata miti, watu wanakipa makali manene, wanaongeza uzito, wanakigongea na rungu. Kazi hiyo kwetu ina mwenyewe. Panga zuri unalipata duka lolote la vifaa Kariakoo, bapa ni pana, linapinda bila kuvunjika, na mzee yeyote wa shamba Mkuranga atakuonyesha linavyofanya kazi ambayo kisu cha inchi 7 kinaihangaikia asubuhi nzima. Gogo likiwa gumu unachonga kabari ya mti unaigongomea, chuma chako kinapumzika. Kukigongea kisu chenye msuka mwembamba kama Ka-Bar kuna hatari yake pia, nguvu yote inakusanyika pale bapa linapokutana na mpini, siku kikivunjika ndo hapo kinavunjikia. Alafu kuna misitu ambayo hata huo ukataji hauna nafasi, Pugu-Kazimzumbwi kwa mfano ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), hupigi miti pale, kwa hiyo unabaki na kazi ndogondogo za mkononi.

Ndo maana nasema kama unakibadilisha, kibadilishe kiende kwenye kazi nyembamba ambazo panga haliziwezi, kuchonga ulindi (kijiti kinachozungushwa) na kutoboa ulimbombo (mti wa chini yake) wa kupekechea moto, kutengeneza vigingi vya hema, kuchambua kamba, kupika. Maana yake unapunguza unene nyuma ya makali, ule ubavu wa bapa unapokaribia ukingo, unaushusha taratibu kwenye jiwe la kunolea mpaka kisu kiingie kwenye mti bila kung'ang'ana. Pembe ya ukingo wenyewe nyuzi 20 kila upande inatosha kabisa, ukishuka sana chini ya hapo makali yanaanza kukunjika ukigonga fundo. Ni kazi ya jioni kadhaa, kwa mkono, na maji.

Nasema kwa mkono kwa sababu hapa ndo visu vinakufa. Unakipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, mtu hodari wa mageti na madirisha, anawasha grenda, dakika mbili kazi imekwisha na makali yanang'aa. Chuma kama 1095 kimepewa ugumu wake kwa kuchomwa, kuzimwa ghafla na kupashwa tena kwa joto la kama nyuzi 200 za Selsiasi. Ukikipitisha joto hilo ugumu unaanza kutoka, na grenda kwenye ukingo mwembamba inafika huko kwa sekunde. Ukiona rangi ya bluu imetokea kwenye makali ujue pale palishafika kama nyuzi 300, hapo umebaki na chuma laini, utanoa leo kesho butu, na huwezi kukirudisha ila kwa kusaga chote kilichoungua au kuanza upya kwenye tanuru. Fundi hana kosa, geti halihitaji ugumu wa namna hiyo na hakuna aliyemwambia. Kama lazima grenda itumike, kinga ya mkono tu, bapa limefungwa kitambaa chenye maji, au shika bapa kwa vidole vitupu bila glavu na vidole vikishindwa kuvumilia ndo wakati wa kuchovya kwenye ndoo. Wanaosema usiguse wakitoa hoja hii mi nakubaliana nao kila neno.

Mpini wa ngozi unaota ukungu hapa pwani, hilo halikwepeki, ila kabla hujaubomoa jaribu kuupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, unainywa na kukaza. Ukiamua kubadilisha weka mninga, ni mti usiovimba wala kusinyaa sana ukipata maji. Mpingo ni mzuri na mgumu lakini unaongeza uzito nyuma, na vumbi lake linawasha ngozi na kifua, vaa barakoa.

Kuna visu ambavyo sio vya kuhangaika navyo. Vile vya "komando" vya bei chee vyenye mpini wa bomba na dira kwenye kifuniko, ndani msuka umeishia palepale kwenye shingo, hata ukibadilisha kila kitu hakiponi. Na kile cha marubani wa Marekani cha inchi 5 chenye meno ya msumeno mgongoni, meno yale yaliwekwa ili mtu akate ganda la ndege atoke, kwenye mti hayakati vizuri na ukigongea yanalila rungu lako. Ukiyasaga yote unakula sehemu kubwa ya mgongo. Kiuze, ununue kingine.

Kuna sababu nyingine ya kubadilisha ambayo haizungumzwi sana, nayo ni muonekano. JWTZ mwaka 2023 ilitoa siku 7 raia wasalimishe mavazi ya jeshi na yanayofanana nayo, kisu sio vazi, lakini ukishuka Gerezani stendi na kitu cheusi cha kijeshi kiunoni utaulizwa maswali tu. Mpini wa mninga na ala ya ngozi vinakionyesha kuwa ni kifaa cha kazi. Hata hivyo kifunge chini kabisa ya begi, na ukienda hifadhi za taifa uliza getini kabla, huko silaha na vifaa vya kukatia vina masharti yake.

Ala yenyewe isisahaulike. Ukishaondoa kinga ya juu, ule mkanda wa ala ya zamani haupati tena pa kukamatia na kisu kinatoka chenyewe ukiinama. Washona viatu wa Kariakoo wanaweza kukushonea nyingine ya ngozi nene, waambie waibane shingoni. Ukifika nyumbani igeuze juu chini na kuitikisa, kikidondoka irudishe kabla hujasafiri nayo, na usiku kisu kilale nje ya ala kwa sababu ngozi inatunza unyevu na ndo inaanzisha kutu.