Mionzi ipimwe barabarani, na ramani iwekwe hadharani

Kila mradi wa nyuklia unapotajwa kwetu, mwananchi huambiwa atulie kwa sababu mionzi itafuatiliwa. Nani ataifuatilia, kwa chombo gani, kitawekwa wapi, na matokeo yatamfikia mwananchi lini, hayo hayasemwi. Kwangu mimi hayo ndiyo ya kuulizwa kwanza, kabla hata ya bei ya umeme. Sababu zangu zinatoka Fukushima, Japani.

Wengi wanakumbuka tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 na majengo ya vinu vya nyuklia yaliyolipuka siku zilizofuata. Yaliyovipata vyombo vya kupimia hayakumbukwi sana. Mkoa wa Fukushima ulikuwa na vituo vya kudumu vya kupima mionzi kuzunguka vinu, na karibu vyote vilinyamaza: vingine vilisombwa na maji, vingine vikakosa umeme na mawasiliano. Serikali ilikuwa pia na mfumo wa kompyuta uitwao SPEEDI, uliojengwa ili kukadiria wingu la mionzi litaelekea wapi kulingana na upepo na milima. Mfumo huo haukujua kiasi hasa cha mionzi kilichokuwa kikitoka, lakini mwelekeo uliuonyesha. Tarehe 14 Machi matokeo yake yalipelekwa kwa jeshi la Marekani. Wajapani wenyewe walionyeshwa tarehe 23.

Kati ya tarehe hizo mbili wako watu wa Namie, mji ulio jirani na vinu. Maelfu yao walikimbia pwani wakapanda hadi Tsushima, eneo la milimani kaskazini-magharibi, wakiamini wametoka hatarini kwa kuwa walikuwa mbali na vinu. Watoto walicheza nje. Kuna waliopika wali kwa maji ya kijito. Wingu la mionzi lilielekea huko huko, na tarehe 15 mvua na theluji zikaishusha ardhini sesiamu, metali yenye mionzi iliyotoka vinuni, juu ya mapaa, mashamba na misitu.

Jirani yao, kijiji cha Iitate, kilikuwa nje ya duara la kilomita 20 ambalo serikali ilichora kwenye ramani na kuamuru watu wahame. Sehemu kubwa ya kijiji iko zaidi ya kilomita 30 kutoka kwenye vinu. Jioni ya tarehe 15, kipimo kilichosomwa Iitate kilizidi maikrosiveti 40 kwa saa (kizio cha kupimia mionzi inayompata mtu), mamia ya mara juu ya hali ya kawaida. Amri ya kuwataka wakazi wajiandae kuhama ilitoka tarehe 22 Aprili. Duara huchorwa kwa bikari mezani, upepo haulijui. Wiki zote hizo watu walilima, walilala na kunyonyesha watoto mahali ambapo namba ilikwisha kupatikana.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wanafizikia wa taasisi ya utafiti wa vinu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, iliyoko Kumatori karibu na Osaka. Hawa wamezoea kupima mionzi ndani ya maabara. Mwaka ule ule wa 2011 walitengeneza mfumo walioupa jina la KURAMA: kipima mionzi ndani ya gari, kimeunganishwa na kipokezi cha GPS na kompyuta, kila kipimo kikirushwa kwa mtandao wa simu na kuonekana papo hapo kwenye ramani, katika alama yenye rangi yake. Toleo la pili, KURAMA-II, likawa dogo zaidi na la kujiendesha lenyewe, likafungwa kwenye mabasi ya kawaida ya abiria mkoani Fukushima. Hili la mabasi ndilo linalonivutia kuliko yote. Basi hupita njia ile ile kila siku, dereva hana cha kubonyeza, na mtaa ule ule unapimwa tena na tena kwa miezi na miaka. Sesiamu-134 hupungua kwa nusu katika miaka 2 hivi, sesiamu-137 katika miaka 30. Basi linaporudi kila siku, mtu anaona kwa macho yake mtaa upi unapoa kwa kasi na upi umekwama.

Wananchi nao hawakungoja. Kundi la Safecast lilianza mwezi ule ule wa maafa. Chombo chao kinachojulikana zaidi, bGeigie Nano, kiliuzwa kama vipande ambavyo mtu anaviunga mwenyewe kwa risasi ya kuchomelea, kisha anakifunga kwenye kioo cha gari kwa nje na kuondoka. Kila baada ya sekunde 5 huandika mstari mmoja kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukiufungua mstari huo unakuta namba ya chombo, tarehe na saa, mapigo ya mionzi yaliyohesabiwa katika sekunde hizo 5 na katika dakika nzima, latitudo, longitudo na mwinuko. Ndani yake zimo pia herufi mbili za ukaguzi. Moja inasema kama hesabu ya mionzi inafaa, nyingine kama setilaiti zimeshikwa: A ni sawa, V ni batili. Chombo kinajua kusema "hapa usiniamini," na huo ni uaminifu ambao taarifa nyingi rasmi hazina.

Ukiendesha kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde 5 ni kama mita 83. Kwa hiyo mkoa mzima unaweza kuchorwa mtaa kwa mtaa na watu wenye magari yao ya kawaida. Takwimu zote za Safecast wameziachia umma bila haki miliki. Mkulima, mwanafunzi au wizara, yeyote azichukue.

Teknolojia hii ina mipaka yake na sipendi mtu auziwe muujiza. Bodi ya gari huzuia sehemu ya mionzi, kwa hiyo kipima kilichomo ndani lazima kisahihishwe. Chini ya miti minene au kati ya maghorofa, GPS hupotoka kwa mita kadhaa au zaidi. Na lami huoshwa na mvua, ilhali sesiamu hubaki kwenye udongo, kwenye mitaro na chini ya michirizi ya mapaa. Mama anayetaka kujua kama mtoto wake acheze uani hawezi kujibiwa na basi lililopita barabarani. Anahitaji mtu aje na kipima mkononi, akishike mita 1 kutoka ardhini, kisha akishushe penye mtaro.

Wapo wanaosema kumpa mwananchi namba hizi ni kumtia hofu. Nimeisikia hoja hii mara nyingi na siikubali hata kidogo. Watu wa Tsushima hawakuwa na hofu. Walitulia kabisa, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Utulivu huo ndio uliowaweka chini ya wingu.

Kwetu suala hili si la mbali. Kenya inapanga kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia; wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipinga waziwazi kijengwe kwao, na baadaye macho yakageukia Siaya. Tanzania ina urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo. Kwale kuna Mlima Mrima, ambao mawe yake yana thoriamu, metali ya asili yenye mionzi, na mionzi yake ya asili iko juu tangu kabla ya binadamu kuugusa. Huo Mrima pekee unatosha kuonyesha kwa nini ramani ya mwanzo ni ya lazima: bila kujua ardhi ilikuwa na kiasi gani jana, kesho mwekezaji atasema "ni ya asili," mwanakijiji atasema "ni yenu," na hakuna hakimu atakayeweza kuwaamua.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki. Kabla ya tingatinga la kwanza kusukuma udongo, magari, bodaboda na watu wa miguu wapite wakiwa na vipima vilivyosahihishwa na vyenye GPS, masika na kiangazi, kuanzia barabara kuu hadi njia za kisimani. Vyuo vyetu vina wanafizikia wa kuifanya kazi hiyo, na wanafunzi wa sekondari wanaweza kuunga vyombo kama ule wa Safecast. Takwimu ghafi zitolewe siku ile ile, zikiwa na mahali na saa, badala ya wastani wa wilaya unaotangazwa mwisho wa mwaka. Nakala zisihifadhiwe serikalini peke yake. Na kila kijiji kilicho jirani na mradi kiwe na angalau watu wawili waliofunzwa kukisoma chombo, chombo chenyewe kikiwa kijijini, si kwenye kabati la ofisi mjini ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyesafiri.