Waipa za Nürburgring

Mjomba wangu ameendesha mabasi ya Dar–Mbeya miaka 30 hadi kustaafu, kwa hiyo kumpakia kama abiria tayari ni kumvunjia heshima. Kule Ujerumani nilimvunjia zaidi. Magari yao usukani uko kushoto, nikamkalisha kulia, kwenye kiti kile kile alichozoea kukuta usukani unamsubiri. Angeendesha mwenyewe, ila leseni yake ya kimataifa ilibaki Kibaha kwenye droo.

Tulikuwa kwenye ile safari ya siku sita nchi nne. Amsterdam nakumbuka baiskeli. Paris nakumbuka miguu. Brussels tulipelekwa kumwona mtoto wa shaba anayekojoa, Mjomba akamkagua juu hadi chini, kazi isiyochukua muda, akauliza kama huyo ndiye tuliyemlipia viza. Köln ndiko moyo wake ulikotulia. Binti yake, anayeishi huko, alimweleza kwamba kanisa kuu la mji lilianza kujengwa mwaka 1248 likamalizika 1880. Mjomba ana nyumba imesimama kwenye lenta tangu 2009. Alitazama ile minara kimya, kisha akaniambia, "Hili ukifika nyumbani mweleze mke wangu, mimi hataniamini."

Nürburgring, njia ya mbio za magari, ilikuwa shauri langu. Kilomita 20.8 za lami ndani ya msitu wa milima ya Eifel, kona zaidi ya 70, ilifunguliwa 1927, na siku za wazi raia yeyote mwenye leseni analipa getini na kuingia na gari lake. Sikumwambia Mjomba kwamba Jackie Stewart, bingwa wa mbio za magari, aliibatiza Jehanamu ya Kijani. Gari tulilokodi Köln mkataba wake ulikataza kabisa kuingia humo, basi tukakodi jingine pale kijijini, kwa watu wanaoifanya biashara hiyo. Nilijiona tayari ndani ya Porsche. Bei ikanionyesha Suzuki Swift.

"Umetoka Tabata," Mjomba akasema, "umepanda ndege mbili, kuja kuendesha Suzuki."

Binamu akakataa kupanda. Alisema ana watoto.

Sheria ni chache: kupita ni kushoto tu, kusimama marufuku, ukigonga kingo za chuma unazilipia, na mwenye kasi akija nyuma yako unakaa kulia na kuwasha indiketa umwonyeshe kwamba umemwona. Ni hiyo ya mwisho iliyonimaliza. Mimi nyumbani naendesha Toyota IST, na kwenye gari la Kijapani la kwetu indiketa iko mkono wa kulia. Kwenye ile Swift mkono wa kulia palikuwa na waipa.

BMW ya kwanza ilitokea nyuma yetu hata hatujakolea mwendo. Nikawasha indiketa. Waipa zikaanza kukwaruza kioo kikavu, jua likiwa utosini. Nikashtuka, nikakivuta kile kijiti kuelekea kwangu ili zizime. Kumbe ukikivuta kinarusha maji. Maji yakaruka, upepo ukayabeba juu ya paa, yakamfikia BMW. Akaja Porsche, naye akanawishwa. Kila aliyetukaribia alioga, maana mkono nao ulishazoea Tabata na haukuwa unasikiliza mtu.

Mjomba hakuwa na habari na waipa. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo. Kwenye mteremko mkali alinguruma, "Gia, mjomba! Hii ni Kitonga, imewekewa kiingilio tu!" Tulipofika Karussell, ile kona ya zege iliyolala ubavu kama bakuli, nikaizamisha Swift ndani kama nilivyoona wenzangu wanafanya. Akashika dashibodi kwa mikono miwili: "Mtaro! Unaniingiza mtaroni!" Baadaye nilisoma kwamba hakukosea. Ulikuwa mtaro wa maji kweli, na jina la Rudolf Caracciola, dereva wa mbio wa zamani, limebaki kwenye kona hiyo kwa sababu alikuwa akitumbukiza matairi humo ili apite kwa kasi.

Brünnchen, ambako watazamaji hukaa na kamera, tulipigiwa makofi.

Tulimaliza kwa dakika 19 za saa ya Mjomba. Mwaka 2005 Sabine Schmitz, dereva wa mbio wa Kijerumani, alizunguka humo humo kwa gari la mizigo, Ford Transit, akatumia dakika 10 na ushei. Lakini sikupata nafasi ya kuaibika, kwa sababu nje ya geti walitusubiri wanaume wawili wenye vizibao vya kung'aa. Madereva walikuwa wameripoti Suzuki inayovuja. Pale kumwaga oili barabarani ni jambo zito: njia inafungwa, inasafishwa, na aliyemwaga analetewa bili. Mmoja akalala chini ya gari. Mwenzake akapitisha kidole kwenye boneti, akakinusa, akakinusa tena, akamwita yule wa chini naye anuse.

"Sabuni," binamu akatafsiri, machozi yakimtoka.

Mzee wa kidole akainama karibu na kioo, akaniashiria niwashe indiketa aone.

Nikawasha.

Alibaki ameinama vile vile, maji yakimchuruzika kidevuni. Binamu alitakiwa kutafsiri "samahani" lakini alishakaa chini kwenye lami. Mjomba akashuka taratibu, akatoa leso mfukoni, akampa yule mzee kwa mikono miwili, kisha akamgeukia bintiye:

"Mwambie upande wangu kioo bado hakijatakata."