Nani Analipia Saa Isiyotembea?

Ukikaa na madereva wa malori wanaozungumza Kiswahili Columbus au Dallas, Marekani, hawachelewi kuitaja kazi ya LTL kama mabaharia wanavyotaja bandari yenye kina: ukishatia nanga hapo, umetulia. Unalala kitandani kwako, malipo mazuri, familia ina bima ya afya. Kisha unakutana na aliyeifanya miaka miwili, usiku baada ya usiku, anakwambia hataki hata kuisikia. Nimewasikiliza wa pande zote mbili na naamini wote wanasema kweli. Kinachonisumbua ni kwamba mabishano yao huishia kwenye senti: kampuni hii inalipa ngapi kwa maili, ile ngapi. Naona swali zito liko kwingine, kwenye saa ambazo gurudumu halizunguki.

LTL, kwa Kiingereza less-than-truckload, ni usafirishaji wa mizigo ya kuchanganya. Mmoja ana paleti mbili za vigae, mwingine mapipa ya rangi, mwingine injini moja. Hakuna anayejaza tela peke yake. Mchana madereva wa mjini huizungukia na kuikusanya. Jioni hushushwa ghalani na kupangwa upya kwa forklifti kulingana na inakokwenda. Kuanzia saa tatu au nne usiku, dereva wa kati ya ghala na ghala huondoka na tela mbili fupi, kila moja futi 28, zilizofungwa moja nyuma ya nyingine kwa kigari kidogo ambacho wenyewe hukiita doli. Anakwenda hadi mji mwingine na kurudi, au anakutana na mwenzake katikati ya njia, wanabadilishana tela, kila mmoja anageuza kwenda kwao. Alfajiri mzigo umefika.

Wanaoisifu kazi hii huilinganisha na ile ya masafa ya mbali, tela moja mteja mmoja, ambayo wahamiaji wengi huanza nayo. Kule dereva hulala ndani ya kichwa cha lori wiki mbili au tatu, huhangaikia mahali pa kuegesha, na anaweza kushinda nusu siku mlangoni kwa mteja akisubiri kupakuliwa. Na pesa? Kwa takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024, nusu ya madereva wa malori makubwa walipata chini ya dola 57,440 kwa mwaka. Sasa chukua mfano wangu, wa kupigia hesabu tu: maili 500 kwa usiku, senti 75 kwa maili. Hizo ni dola 375 kwa usiku, dola 1,875 kwa siku tano, dola 93,750 kwa wiki 50. Kwa mtu aliyefika na shahada ambayo hakuna mwajiri aliyeitambua, na ada za wadogo zake Kisumu au Bukavu zinamsubiri, hizo si pesa za kudharau. Namwelewa kabisa anayesema haoni cha kulalamikia.

Lakini endelea na hesabu hiyo hiyo. Maili 500, kwa lori ambalo kompyuta imelifungia kasi, ni karibu saa tisa za kuendesha. Ongeza ukaguzi wa gari, kufunga tela na doli, kufungua, makaratasi, mapumziko ya nusu saa. Tuseme saa 11. Hapo analipwa kama dola 34 kwa saa. Usiku ambao tela haijajazwa, akasubiri saa mbili bila malipo, zinakuwa saa 13 na malipo yanashuka chini ya dola 29. Senti zake ziko pale pale, lakini mshahara umepungua. Dereva wa Dar es Salaam aendaye Lubumbashi hahitaji kuelezwa jambo hili: posho ni ya safari, na siku za foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, anazibeba yeye.

Tuwe wakweli, ziko kampuni za LTL zinazolipa muda wa kusubiri na kulipia kila tela inayofungwa. Zinastahili kusifiwa. Ila hufanya hivyo kwa hiari yao au kwa mkataba wa chama cha wafanyakazi, maana sheria ya nchi haiwabani. Sheria ya mwaka 1938 iliyoleta malipo ya mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wiki iliwaacha nje madereva wa mizigo inayovuka majimbo, kwa sababu sheria nyingine ya 1935 ilikuwa imekwisha kukabidhi saa zao kwa tume iliyosimamia usafiri. Hoja ya wakati ule ilikuwa usalama: saa zao ziwekewe kikomo na wataalamu wa barabara. Kikomo kipo hadi leo. Ni saa 11 za kuendesha ndani ya dirisha la saa 14, kisha mapumziko ya saa 10. Lakini kikomo cha saa si malipo ya saa. Kwa wiki ya saa 55 ya mfano wangu, dola 34 pamoja na nyongeza hiyo kwa saa 15 za ziada zingefika dola 2,125. Yeye anachukua 1,875.

Wenye kampuni wana majibu, na si ya kupuuzwa. Wanasema nauli itapanda, na mwisho mnunuzi ndiye ataigharimia. Wanasema pia kwamba ukilipa kwa saa unampa mtu sababu ya kujikokota, ilhali maili humtuza mchapakazi. Hoja ya nauli ina uzito. Hii ya pili, katika kazi hii hasa, siioni. Njia amepangiwa. Kasi imefungwa. Tangu Desemba 2017 sheria inataka kifaa cha kielektroniki kinachoandika kila dakika ya uendeshaji. Tela inajazwa na watu wengine. Huyo dereva atakimbilia nini? Malipo ya maili yana maana pale mtu anapoweza kuongeza maili kwa bidii yake. Hapa maili ni zile zile 500, na kinachobadilika ni uzembe au umakini wa ghala. Anayeweza kuufupisha muda ule ni kampuni, basi haki ni kwamba ukirefuka kampuni ndiyo iumie.

Kuna deni jingine, la usingizi. Njia huchaguliwa kwa miaka ya kazi: mkongwe huchagua kwanza, akapata safari ya saa ile ile kila usiku, na mwili unazoea. Anayeanza huwekwa kwenye orodha ya kuitwa. Anaamka saa mbili asubuhi, anashinda na watoto, simu inalia saa tano usiku. Kisheria amepumzika saa 10 na zaidi. Kibinadamu yuko macho tangu asubuhi na sasa anatakiwa kuendesha hadi jua lichomoze, akivuta tela mbili ambazo huwezi kuzirudisha nyuma kama tela moja, na ambazo usukani ukikatwa ghafla, ile ya mwisho ndiyo inayoyumba zaidi. Taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, na ilipoipitia tena mwaka 2019 haikuiondoa. Sijaona hesabu ya senti kwa maili inayoligusa hilo.

Watetezi husema vumilia, miaka ikipita utachagua na wewe. Ni kweli, na utaratibu huo una haki yake. Bora kuliko msimamizi anayegawa njia kwa upendeleo. Ila miaka hiyo ni mali isiyohamishika nje ya kampuni moja. Julai 30, 2023, Yellow, kampuni ya LTL iliyoanza 1924, ilisimamisha shughuli zake. Watu kama 30,000 walikosa kazi, karibu 22,000 wakiwa wanachama wa Teamsters, chama cha wafanyakazi. Kampuni ilikilaumu chama kwa kuzuia mabadiliko. Chama kililaumu uongozi ulionunua kampuni nyingine za malori, Roadway mwaka 2003 na USF mwaka 2005, ukajitwika madeni, kisha tangu 2009 ukaendeshwa kwa makato ya mishahara ya wafanyakazi yaliyofika asilimia 15. Mimi naona madeni yalikuwa na uzito zaidi. Vyovyote, dereva wa miaka 25 aliyepokelewa kampuni nyingine alianza chini kabisa ya orodha, akisubiri simu ya saa tano usiku pamoja na kijana aliyepata leseni juzi.

Wala chama peke yake hakielezi kila kitu. Old Dominion, kampuni nyingine ya LTL, haina chama kwa madereva wake, na inatajwa miongoni mwa walipaji wazuri. ABF, nayo ya LTL, ina Teamsters, na mkataba wake wa 2023 uliongeza dola 6.50 kwa saa katika miaka mitano. Tofauti ninayoiona ni ya nguvu ya kudai: mwenye mkataba ana mahali pa kupeleka saa mbili alizosubiri, asiye nao anategemea moyo wa kampuni na uhaba wa madereva.

Kwa hiyo ndugu anayeniuliza kama aende LTL, simkatazi. Kwa mwenye familia ni afadhali kuliko kuishi kwenye kichwa cha lori. Namwambia tu akifika mbele ya mwajiri aache kwanza habari ya senti. Aulize kusubiri kunalipwa kuanzia dakika ya ngapi, na kwa kiwango gani. Aulize wanaoanza hukaa miezi mingapi kwenye orodha ya kuitwa, na simu hupigwa saa ngapi kabla ya safari. Kisha aombe kuzungumza na dereva wa mwisho kuajiriwa kwenye ghala lile, amuulize maswali hayo hayo, alinganishe majibu.