Walipokuja Kuniomba Kiswahili

Miaka yangu ya mwanzo Kampala, nikiwa na watoto ndani ya teksi ya Nsambya nilikuwa nawafinya wanyamaze. Hawakuwa na kelele. Walikuwa wakiongea Kiswahili, basi. Kwa wazee wengi wa Buganda lugha hii bado ni sauti ya askari wa enzi za Amin, amri na kitako cha bunduki. Abiria wakigeuka kututazama, mimi natazama dirishani.

Tulivuka mpaka wa Congo na Uganda pale Bunagana Julai 2012, waasi wa M23 walipouteka mji ule. Kutoka kambi ya Nyakabande, jirani zetu wengi walipakiwa kwenda makazi ya wakimbizi ya Rwamwanja; sisi tukaja mjini. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kwenda tutakako, na kwa hilo naishukuru Uganda bila kinyongo. Ila mjini hakuna mgao wa chakula, na mwenye nyumba hasomi sheria. Nikatembeza vitenge juani.

Kituo cha jamii nilikiendea Kiingereza. Nilisaini daftari la mahudhurio, nikakaa, nikarudia maneno, nikaondoka. Wafadhili wakija tunapigwa picha (nadhani mimi nina picha nyingi na watu nisiowajua kuliko na ndugu zangu). Sikidharau: bila kile Kiingereza ningekuwa bado nauza vitenge kwa vidole. Lakini nilikwenda pale kama mtu aendavyo zahanati. Unapewa dawa, unashukuru, unarudi zako.

Kisha Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni. Katiba ilishakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, ila mtaani kwetu hakuna aliyeshtuka. Safari hii walimu walishtuka. Mmoja wao, mama wa Kiganda anayenizidi umri, akanijia kituoni na daftari jipya. "Nnyabo (mama), nifundishe."

Niliogopa kuliko siku ya kuvuka mpaka. Kiswahili changu ni cha Rutshuru, mashariki mwa Congo; kwetu watoto ni batoto, watu ni batu, na kuja ni kuya. Nikamwambia ukweli, kwamba wa Tanzania wakinisikia watacheka. Akaandika "batu", akaitazama, akacheka yeye kwanza. "Hii si abantu yetu?" Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba kosa langu lilikuwa na ujamaa na lugha yake. Tukaanzia hapo: batu, kisha watu. Wiki iliyofuata walikuja sita.

Wanaoendesha vituo hivi wana fomu ndefu za kuuliza mgeni anahitaji nini. Nimejaza nyingi. Hakuna hata moja iliyoniuliza najua nini, na kwa maoni yangu hapo ndipo wanapotukosa. Mtu aliyezoea kupokea tu hukaa ukingoni mwa benchi, tayari kuondoka. Mume wangu, fundi seremala, alikaa ukingoni hivyo mpaka mlango wa jiko la kituo ulipong'oka.

Sasa ufunguo wa kabati la chaki unakaa kwangu. Mwezi uliopita malaria ilinilaza, nikasahau kuupeleka. Jioni yule mwalimu akapiga hodi na mkungu wa matooke, na kabla ya kuniuliza hali akanigombeza: darasa zima limemngoja nani?